Siku nzima kwenye bustani ya burudani: nitoe nini kwenye begi hili?

kidawa_safari

Habari zenu wakuu. Tunakwenda bustani kubwa ya burudani, ile yenye rolakosta, bembea za maji na maonyesho, kuanzia geti linapofunguliwa hadi jioni. Tuko wanne: watu wazima wawili, mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Utabiri ni jua kali, na mchana huenda mvua ikanyesha. Begi la lita 28 limejaa hadi zipu inagoma. Orodha yenyewe:

Maji chupa 4 za lita moja na nusu. Pawa benki ya mAh 20,000 na chaja ya ukutani. Losheni ya kukinga jua ml 200. Miavuli 2. Taulo 2 za kuogea. Nguo za kubadili kwa wote wanne pamoja na viatu vya pili. Sweta 4. Kamera na lenzi ya ziada. Kisanduku cha huduma ya kwanza. Tishu za maji, pakiti ya 80. Vitafunwa kwenye makopo magumu ya plastiki. Pochi mbili, na bunda zima la funguo.

Nataka begi moja dogo ambalo halitatusumbua kila tukifika kwenye bembea. Mume wangu anapanda kila kitu, mimi napanda za wastani, mdogo hafikii kimo kwenye nyingi. Je, loka ya kukodi (kabati la kufungia mizigo) inasaidia au ni kupoteza muda tu?

zipu_mbili

Dada Kidawa, usianze na kilo. Anza na kiti cha rolakosta. Ukishakaa, chuma cha usalama kinashuka mapajani au mabegani, na mhudumu anapita akivuta kimoja kimoja kuhakikisha kimekaza. Dakika hiyo kila ulichobeba lazima kiwe mahali pamoja kati ya haya: kwenye mfuko wenye zipu mwilini mwako, kwa mwenzako aliyebaki chini, au kwenye loka au rafu ya jukwaani kama ipo. Kitu kisicho na mahali kati ya hayo ndicho kitakachokutoa kwenye foleni, hata kama kina gramu 30 tu.

Sababu si ukali wa wahudumu. Treni inapovuka kilele na kuanza kushuka, mwili unanyanyuka kitini, na kila kilicho legelege kinanyanyuka nao. Mfuko wa suruali ulio wazi unatema simu papo hapo. Mfuko wa mbele wa sweta ndio mbaya kuliko yote kwa sababu una midomo miwili. Na kitu kikidondoka kwa kasi ile, anayeumia ni mtu wa kiti cha nyuma au anayepita chini. Ndiyo maana baadhi ya rolakosta za Universal Orlando, Marekani, zina kigunduzi cha chuma kabla ya kupanda: ukiwa na simu au funguo unarudishwa kwenye loka.

Kibegi cha kiunoni nacho kina mtego wake. Kikiwa kinene na kimekaa mbele, chuma cha usalama kinaishia juu yake badala ya kukaa mapajani, na hapo unabaki na nafasi ya kuteleza. Mhudumu atakwambia ukizungushe pembeni au ukivue. Kilicho bapa, chenye simu, kadi na ufunguo tu, mara nyingi kinapita. Kikijazwa hadi kikawa kama andazi, hakipiti. Neno la mwisho ni la mhudumu, usibishane naye huku watu wamepanga foleni nyuma yako.

Sasa nyie mna bahati ambayo vikundi vya watu wazima watupu hawana. Mdogo hapandi nyingi, kwa hiyo kwenye hizo daima kuna mtu mzima anayebaki chini, na begi linabaki naye. Ukifika kwenye bembea kubwa, muulize mhudumu wa mlangoni kuhusu utaratibu wa kupokezana. Bustani nyingi kubwa wanao: mzazi wa kwanza anapanga foleni na kupanda, akishuka anakaa na mtoto, wa pili anapanda bila kupanga foleni upya. Uliza KABLA ya kuingia foleni, maana kwingine wanatoa kikaratasi au alama ya kwenye programu pale mlangoni tu.

Nikija kwenye orodha yako:

Maji lita 6 ni kilo 6. Hapo peke yake ndipo begi linapokufa. Beba chupa mbili za ml 750, mjaze njiani kwenye mabomba ya kunywa. Kabla ya safari tazama ramani ya bustani uone mabomba yako wapi, na ujaze chupa ikifika nusu, usingoje iishe. Chupa laini inayokunjika ni nzuri zaidi kwa sababu ikiwa tupu inakuwa bapa. Ukitaka maji baridi, moja igandishe usiku ikiwa imejazwa robo tatu tu, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa pomoni inapasuka. Hiyo hiyo itapoza vitafunwa, na vipande vya barafu usivibebe. Bustani za Disney kule Florida, kwa mfano, zinakataa barafu isiyofungwa na zinakataa vyombo vya kioo isipokuwa vile vidogo vya chakula cha watoto wachanga.

Miavuli toa yote miwili. Ndani ya foleni haifunguki bila kumchoma mtu jicho, na radi ikianza rolakosta za nje zinasimama hata hivyo. Weka makoti manne ya mvua ya nailoni nyembamba, kila moja ni kama gramu 50. Yanafaa pia kwenye bembea ya maji, na jioni yanazuia upepo, kwa hiyo sweta zenu mbili za watu wazima nazo zinatoka. Siri ya koti kwenye bembea ya maji ni kulikalia: pindo lipite chini ya makalio, maana mara nyingi unalowa zaidi kwa maji yaliyotuama kwenye kiti kuliko yanayoruka.

Taulo za kuogea ni karibu nusu kilo kila moja zikiwa kavu, zikilowa usiseme. Taulo moja nyembamba ya nyuzinyuzi laini ya sentimita 40 kwa 80 inatosha kufuta viti na vichwa.

Nguo za kubadili: watu wazima hakuna. Vaeni nailoni au poliesta nyembamba, zinakauka zikiwa mwilini. Jinzi ikilowa inabaki nzito mchana wote na inachubua mapaja. Mdogo wa miaka 4 pekee abebewe seti moja kamili, na hiyo ni kwa ajili ya ajali za choo kuliko maji. Mkubwa abebewe kaptula tu.

Viatu vya pili hapana. Lenzi ya ziada hapana, na kamera yenyewe fikiria mara mbili, kwa sababu kila mara itakuwa shingoni mwa aliyebaki chini ambaye tayari ana mtoto na begi. Kijiti cha kupigia picha hujakitaja lakini nakisema mapema: bustani za Disney zilikipiga marufuku mwaka 2015 na nyingine nyingi zinakikataa.

Makopo magumu ya vitafunwa yanabaki na ukubwa ule ule hata yakiwa matupu. Tumia vifuko, vikiisha vinakunjwa. Chagua vya kukauka visivyoyeyuka: karanga, matunda makavu, biskuti ngumu. Chokoleti iache. Ila kwanza soma masharti ya bustani yenyewe. Kuna zinazoruhusu chakula, na kuna kama Tokyo Disneyland ambako chakula cha kutoka nje hakiingii, wameweka eneo la kulia nje ya geti.

Ukimaliza hapo, begi la lita 10 litakutosha na nafasi itabaki.

Mkuu_wa_Foleni

Nitapinga kidogo. Begi lolote, hata la lita 10, ni mnyororo. Kwenye ukaguzi wa geti wasio na mabegi mara nyingi wana njia yao, na wewe mwenye begi unasimama kufungua zipu moja baada ya nyingine. Suruali yenye mifuko minne ya zipu inabeba simu, kadi, ufunguo, koti la mvua lililokunjwa na pakiti ndogo ya losheni. Maji unakunywa kwenye bomba.

Halafu kuna foleni ya mtu mmoja mmoja, ile inayojaza viti vilivyobaki. Kwa kawaida inakwenda haraka kuliko ya kawaida, lakini huna mwenzako wa kumkabidhi chochote. Ukiwa na begi, faida yote inaishia kwenye loka.

zipu_mbili

Kwa mtu mzima peke yake uko sahihi kabisa, mkuu. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 4 mifuko haitoshi, hata iwe kumi. Ila wazo lako lina kazi hapa: mume wa Kidawa ndiye atembee mifuko mitupu na atumie hiyo foleni ya mtu mmoja mmoja. Begi liwe la Kidawa, apande za wastani kwa zamu. Kosa la familia nyingi ni kugawa mzigo sawa kwa wote, wakadhani wametendeana haki. Matokeo yake ni kwamba kila anayetaka kupanda ana cha kuvua.

Nesi wa Zamu

Naongeza upande wa mwili, maana hapo ndipo watu wanabeba kingi kisichohitajika na kuacha kinachohitajika.

Miguu kwanza. Lengelenge linatokana na msuguano pamoja na unyevu. Kwa hiyo uzito unaostahili kubebwa ni soksi: jozi moja ya ziada kwa kila mtu, za sintetiki au sufu nyembamba, si pamba. Kabla ya bembea ya maji VUENI soksi, muweke kwenye kifuko cha plastiki chenye kufuli (mdomo wake unabanwa ukafunga), mpande na viatu bila soksi. Mkishuka, kausha miguu kwa ile taulo, rudisha soksi kavu. Watu wengi hufanya kinyume, wanapanda nazo kisha wanahangaika kuzikamua. Viatu viwe vile vilivyokwisha kuzoeana na mguu. Ndala na kandambili zinaruka angani na kwenye baadhi ya bembea utaambiwa uvue. Sendo zenye kamba ya kisigino zinapita sehemu nyingi.

Mtu akisema "hapa panawaka moto" kwenye kisigino, simameni hapo hapo, usiseme tumalizie bembea hii kwanza. Bado ni msuguano tu, na kipande cha plasta ya kitambaa kinamaliza kazi. Nusu saa baadaye kitakuwa lengelenge. Likishatoka, weka plasta ya jeli maalum ya malengelenge na usiibandue siku hiyo, inatoka na ngozi. Mapaja yanayosuguana yapakwe mafuta ya mgando asubuhi kabla ya kuvaa. Kikopo cha gramu 20 kinatosha familia nzima.

Losheni ya jua ipigiwe hesabu. Mtu mzima mwenye mikono mifupi anahitaji kijiko cha chai kimoja usoni na shingoni, na kimoja kila mkono, yaani karibu ml 15 kwa mpako mmoja. Inarudiwa kila saa mbili, na tena baada ya kulowa. Mpako wa kwanza unafanyika nyumbani, dakika 15 kabla ya kutoka juani, kwa hiyo huo huubebi. Ikibaki mipako mitatu, mtu mzima mmoja anamaliza ml 45. Sasa mvae mikono mirefu myepesi na kofia yenye ukingo kuzunguka: kinachobaki wazi ni uso, shingo na viganja, na matumizi yanashuka hadi karibu ml 6 kwa mpako. Kwa nyie wanne ml 100 itatosha na kubaki. Shati la mikono mirefu linapunguza mzigo kuliko losheni yoyote ya bei mbaya. SPF ni namba ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa: SPF 30 inazuia takribani asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, na SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usilipie namba kubwa ukapaka kidogo. Kwenye chupa tafuta maandishi ya kustahimili maji kwa dakika 40 au 80. Hizo dakika zikiisha ukiwa unalowa, rudia.

Kisanduku cha huduma ya kwanza acha nyumbani, bustani kubwa zina chumba cha huduma ya kwanza chenye wahudumu. Beba kifuko bapa: plasta 6, zile za malengelenge 3, dawa ya maumivu ya kipimo cha watoto na ya wakubwa ikiwa kwenye pakiti yake yenye jina, na pakiti moja ya chumvi za kurudisha maji mwilini. Angalizo kwenye hiyo pakiti: ile ya gramu 20.5 ni ya lita 1 kamili. Chupa zenu ni za ml 750, msimimine yote humo. Mkiigawa kwa macho mtakosea, kwa hiyo tafuteni pakiti ndogo iliyoandikwa ml 200 au 250.

Dawa za kuokoa maisha hazina mjadala wa wepesi. Inhela ya pumu na sindano ya adrenalini vinakaa na mgonjwa, au na mtu asiyemwacha. Visiwekwe loka wala garini. Gari lililofungwa juani linaweza kuwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya la nje ndani ya saa moja, na dawa hizo hazivumilii joto hilo. Insulini inayotumika ikae chini ya nyuzi 30, aina nyingine 25, kwenye kifuko cha kupoza, lakini isiguse ile chupa iliyogandishwa. Insulini ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Kama kuna mwenye dawa ya aina hii, mwambie mhudumu wa mlangoni kabla hajaanza kukuonyesha loka.

babake_mapacha

Upande wa simu na mdogo.

Pawa benki ya mAh 10,000 inatosha, ni kama gramu 200, wakati ya 20,000 inakaribia mara mbili yake. Namba iliyoandikwa juu ni ya betri za ndani zenye volti 3.7. Umeme ukipandishwa hadi volti 5 zinabaki kama mAh 7,400, na nyingine zinapotea njiani kama joto, kwa hiyo unapata takribani 6,000 hadi 6,500. Simu mbili za mAh 5,000, kila moja ikitolewa asilimia 20 hadi 80, zinakula 3,000 kila moja. Jumla 6,000. Imetosha. Waya uwe mfupi, sentimita 20 au 30, ili simu na pawa benki vikae pamoja mfukoni. Chaja ya ukutani itoke. Na chaji wakati wa kula, kivulini: simu inayochajiwa juani inapata moto na mara nyingi inasimamisha chaji yenyewe, ukidhani waya umekufa.

Kinachomaliza betri ni skrini yenye mwanga wa juu na simu kuhangaika kutafuta mtandao kwenye umati. Pakua ramani na ratiba ya maonyesho ukiwa nyumbani. Tiketi pia, ila angalia: tiketi yenye msimbo unaobadilika haikubali picha ya skrini, lazima programu iwe wazi. Ifungue mkiwa bado nyuma kwenye foleni, kabla hamjafika kwenye mashine. Kama msimbo haubadiliki, piga picha ya skrini na uitume kwenye simu ya pili.

Kifuko cha simu kisichopitisha maji kijaribu nyumbani. Weka tishu kavu ndani, funga, zamisha kwenye ndoo nusu saa huku umekikandamiza na jiwe. Tishu ikitoka na tone, tupa. Usitegemee maandishi ya IP68 (alama ya simu kustahimili maji), jaribio lile linafanywa kwenye maji safi yaliyotulia na simu ikiwa mpya. Na tundu la chaji likilowa, usichomeke pawa benki hadi likauke.

Mdogo: asubuhi mpige picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo. Akipotea, hutakumbuka rangi ya soksi, picha inakumbuka. Namba ya simu iandikwe kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa mkono, kisha bandika plasta inayoonyesha ndani juu yake, losheni na maji havitaifuta. Jina lake usiliandike mahali pa kusomeka, mgeni atamwita kama anamjua. Tishu za maji toa 20 kwenye pakiti, weka kwenye kifuko chenye kufuli ukiwa umekikamua hewa, pakiti ya 80 ni jiwe.

Kigari cha mtoto hujakitaja. Mtoto wa miaka 4 anatembea vizuri asubuhi, mchana anadai kubebwa, na huo ni mzigo wa kilo 15 na zaidi ambao hauingii kwenye begi. Kigari chepesi cha kukunja kinabeba mtoto na begi. Kagua vipimo: Disney World, kwa mfano, inaruhusu upana usiozidi sentimita 79 na urefu 132, na vile vya mfano wa mkokoteni haviingii. Kifungie kitambaa cha rangi kali kwenye mpini, maana wahudumu huvipanga upya mkiwa ndani. Ukikiacha nje ya bembea, wacha taulo na kaptula humo. Simu, kadi na dawa haviachwi kwenye kigari hata kwa dakika tano.

kidawa_safari

Asanteni sana. Nimepanga upya na kupima kwenye mizani ya jikoni. Begi lita 10: gramu 300. Maji ml 1,500 na chupa zake: 1,650. Pawa benki na waya: 230. Losheni: 120. Makoti manne: 200. Soksi jozi nne: 150. Nguo za mdogo na kaptula ya mkubwa: 420. Taulo: 100. Tishu: 100. Kifuko cha dawa: 100. Vitafunwa: 400. Jumla gramu 3,770. Mwanzo nilikuwa na kilo 6 za maji peke yake!

Maswali mawili yamebaki. Mume wangu anavaa miwani na bila hiyo haoni mbele. Na ufunguo wa gari ni ule wa kubonyeza, sijui utakaa wapi kwenye bembea ya maji. Na loka, mbona hamjanijibu?

zipu_mbili

Miwani: kamba ya kunyoosha inayobana nyuma ya kichwa, ile ya wanamichezo, si ya mnyororo wa shingoni. Ikaze hadi ukiinamisha kichwa na kukitikisa miwani haisogei. Kwenye rolakosta za kupinduka wahudumu wengine wataruhusu kwa kamba, wengine watataka ivuliwe kabisa, basi iingie mfuko wa zipu ikiwa kwenye kifuko laini. Kasha gumu likikandamizwa na chuma cha usalama linavunjika pamoja na miwani.

Ufunguo: toa huo mmoja kwenye bunda, zingine zibaki nyumbani. Uweke kwenye kifuko chenye kufuli, ndani ya kifuko cha pili, kisha mfuko wa zipu wa yule anayebaki chini. Mkiwa mnapanda bembea ya maji wote wanne, hapo ndipo loka inapolipa. Loka ndogo iliyo mlangoni mwa bembea yenyewe ndiyo ya kutumia, kwingine ni bure kwa muda wa foleni. Ukizidisha muda unaanza kutozwa, kwa hiyo tazama saa kabla ya kufunga.

Loka ya siku nzima kwa mzigo wa kilo tatu na ushee sioni sababu. Iliyo karibu na geti inaweza kuwa mwendo wa dakika 15 kutoka upande wa pili wa bustani, kwenda na kurudi nusu saa, kwa ajili ya sweta. Mkikodi hata hivyo, ulizeni kwanza kama inafunguka mara nyingi kwa malipo yale yale, maana zipo ambazo ukifungua mara moja umemaliza. Na pigeni picha namba ya loka pamoja na jengo lililo nyuma yake. Namba peke yake haisaidii kama kuna kumbi tatu za loka.

Nesi wa Zamu

Kidawa, kwenye kupima umesahau mafuta ya mgando na kofia. Kofia zivaliwe toka nyumbani, na kwenye rolakosta ziingie ndani ya shati, si mfukoni, zipu ikifungwa juu ya ukingo wa kofia inakwama.

Mkuu_wa_Foleni

Na pochi? Sijaiona kwenye mizani. Kadi moja kwa mume, nyingine tofauti kwako, kitambulisho na noti chache zilizokunjwa. Bustani nyingine hazipokei noti kabisa siku hizi, angalieni kabla. Pochi zenyewe zilale nyumbani.